Dawa ya Wadudu na Nyuki wa Jirani

Mkulima wa Mwiki ashikaye bomba lake saa nne asubuhi na kunyunyizia dawa maharagwe yaliyochanua hana nia ya kumdhuru mtu. Adui yake ni wadudu wanyonyao majani. Lakini saa hiyo nyuki wamejaa mauani. Kesho yake jirani mwenye mizinga hukuta nyuki wake wamekufa chungu nzima mlangoni, na wengine wakigaagaa chini kama walevi. Hapo ugomvi huzuka, na kila mmoja humdhania mwenziwe kuwa mwongo, maana huenda mashamba yao hayapakani hata kidogo. Nyuki huweza kwenda kilomita tatu na zaidi kutafuta chakula, wala haulizi mipaka.

Zamani upande wa Ruiru ulikuwa wa mashamba makubwa ya kahawa. Mengi sasa yamekatwa viwanja, na mboga hulimwa katika vipande vidogo kati ya nyumba. Kwa hiyo dawa ya mtu mmoja huwafikia watu wengi.

Hasara si ya mwenye asali peke yake. Mboga wa maboga una maua dume na maua jike mbalimbali, nayo hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri. Katika saa hizo chache lazima mdudu achukue chavua, yaani ule unga wa manjano, kutoka ua dume hadi ua jike. Asipofika, kijiboga hunyauka na kuanguka, na mwenye shamba hulaumu mbegu. Matikiti na matango ni vivyo hivyo. (Nyanya yenyewe humfaa zaidi yule nyuki mkubwa mweusi atobaye mbao, ambaye watu wengi humpiga kwa fagio.)

Dawa zote hazina ubaya ulio sawa. Dawa ya maji ikishakauka janinina mara nyingi hatari yake hupungua. Dawa ya unga ni mbaya kuliko hiyo, kwa sababu hunata katika manyoya ya nyuki kama chavua, naye huipeleka nyumbani wakalishwa watoto. Tena ziko dawa zinazoingia ndani ya mmea wenyewe na kutokea katika chavua na maji matamu ya ua. Tatu za namna hii, imidacloprid, clothianidin na thiamethoxam, zilikatazwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2018 zisitumiwe nje ya nyumba za kuoteshea mimea.

Wakulima wa kahawa wa Kenya walipata kuonja jambo la kufanana na hili katika miaka ya 1950. Dawa kali ya parathion iliua wadudu waliokuwa wakila viwavi, na viwavi vikazidi kuliko mwanzo. Mkulima akatoa fedha kununua adui mpya.

Basi afanyeje mtu ambaye mboga zake zinaliwa? Kwanza akague majani, maana wengi hunyunyiza kwa desturi tu, hata pasipo mdudu. Ikiwa hapana budi, angoje jioni, jua likikaribia kutua na nyuki wamekwisha rudi, tena upepo umetulia. Mmea uliochanua auache mpaka maua yapukutike. Kahawa huchanua siku chache tu baada ya mvua, hivyo kungoja huko si kazi kubwa. Bomba lisioshwe mtoni wala penye kidimbwi, kwa kuwa nyuki nao hunywa maji. Na karatasi iliyobandikwa chupani isomwe kabla ya kufungua kifuniko. Mara nyingi habari za nyuki zimeandikwa hapo kwa herufi ndogo.

Tena ampashe jirani habari siku moja mbele. Mwenye mizinga aweza kuifunika usiku kwa gunia lililoloweshwa maji, akiacha hewa ipite, na kuifunua kesho yake kabla ya jua kuwa kali. Akichelewa mpaka adhuhuri, joto litawaua wale wale aliotaka kuwaokoa.