Kugawanya Shamba kwa Sheria

Ewe mkulima wa Kenya, ukitaka kuwagawia wanao shamba lenye hati, usidhani kwamba kupanda ua mpakani kwatosha. Katika daftari la serikali shamba hilo lingali moja.

Kwanza, omba kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi kabla ya miezi 6 kupita tangu mlipopatana. Bila kibali hicho mapatano ni batili, kwa sheria ya mwaka 1967. Pili, mwite mpimaji mwenye leseni apime na kuchora vipande, kila kimoja kiwe na njia. Tatu, mchoro ukikubaliwa, nenda kwa msajili: hati ya zamani hufutwa, na kila kipande hupewa namba na hati yake.

Yatimize hayo ungali hai, wanao wasije wakashtakiana baada yako.