Dawa ya Ufuta Ibaki Shambani: Choma Samaki Wako Nje Bila Nzi wala Mbu

Huu ndio msimu ambao kambi zetu za shambani huku Kiranjeranje hufuka moshi kila jioni. Vibarua wamemaliza kukata, samaki wamefika kutoka Kivinje, jiko linawashwa nje. Na nzi nao wanafika, hawasubiri kukaribishwa.

Nianze na lililonifanya niandike. Bado nakuta watu wanachukua dawa iliyobaki kwenye bomba la kupulizia ufuta, wanapuliza kuzunguka meza ya samaki eti nzi wakimbie. Jamani, hapana! Dawa nyingi za wadudu hushambulia mishipa ya fahamu ya mdudu, na ya binadamu haziiachi. Usitegemee moto wa jiko uondoe sumu hiyo. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) husajili kiuatilifu kwa matumizi yanayojulikana, na meza ya chakula haimo kwenye lebo ya dawa ya ufuta. Mtu akianza kutoka mate na jasho jingi, kutapika au kuona ukungu, mkimbize kituo cha afya, na kopo lenye lebo muende nalo.

Sasa tufanyeje?

Nzi. Nzi anafuata harufu. Mparue samaki mbali na jiko, halafu magamba na utumbo vifukie siku hiyohiyo. Kwenye joto letu, yai la nzi huweza kuwa nzi kamili kwa siku 7 hadi 10. Ukiacha taka wiki mbili, ujue unafuga. Samaki ukishamkoleza ndimu, chumvi na pilipili, mfunike kwa kawa au neti mpaka anapopanda wavuni. Akiiva, mfunike tena.

Mbu. Kifuu cha nazi kilichojaa maji ya mvua ni kitalu cha mbu wa Aedes. Huyu anauma mchana na ndiye anayeeneza dengue, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Kwa hiyo usivitupe vifuu ovyo. Vikaushe uvichomee samaki, makaa yake yana moto mkali. Makumbi nayo yaweke kwenye chungu kibovu, upande upepo unakotokea, yafuke taratibu. Mbu watapungua pale mlipokaa. Ila mbu wa malaria anauma zaidi usiku, na moshi hauchukui nafasi ya chandarua.

Kuni. Maganda ya korosho usiyatie jikoni. Yana mafuta makali yanayobabua ngozi, na moshi wake unawasha macho na koo. Makaa yoyote utakayotumia, subiri yafunikwe na jivu jeupe ndipo uweke samaki. Ukiharakisha moto ukiwa bado na ndimi, ngozi itaungua na nyama ya karibu na mwiba itabaki mbichi.

Upepo. Tunavuna wakati wa kusi, na ufuta uliosimamishwa ukauke unashika moto kama karatasi. Cheche moja inatosha kumaliza kazi ya msimu mzima. Weka jiko upande wa kaskazini wa ufuta, mbali nao, ili upepo upeleke cheche kwingine. Fagia majani makavu, na uwe na ndoo ya maji au mchanga pembeni.

Mkimaliza kula, zimeni makaa kabisa. Usiingize jiko kibandani kulala nalo kwa sababu ya baridi au mbu. Gesi ya makaa haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini.

Bomba nalo lioshee shambani, mbali na kisima, na dawa iliyobaki ifungie stoo kwa kufuli, mbali na watoto na vyombo vya kupikia. Hizo ni gharama ndogo sana kwa mkulima anayetaka vibarua wake waamke wazima kesho.