Kutoka si Kufunga: Tuzijue Simu Zetu



Zamani habari za chama zilibandikwa ubaoni karibu na lango. Siku hizi nyingi zinapita kwenye WhatsApp: siku ya mkutano, majina ya wanachama wapya, madai ya mishahara. Ni jambo jema, lakini chombo usichokijua vizuri kinaweza kukugeuka.

Katika tawi letu moja, katibu alihitaji kuchapisha barua. Aliunganisha WhatsApp yake na kompyuta ya ofisi ya shamba, akachapa, kisha akabonyeza kitufe cha katikati cha simu na kurudi kazini. Aliamini amefunga. Kumbe kompyuta ilibaki wazi, na kwa siku kadhaa wasimamizi walisoma mazungumzo yetu yote. Wanachama 3 waliohamishiwa vitalu vya mbali walikuwa wale wale waliosema sana kwenye kikundi. Hatukuweza kuthibitisha lolote. Tulichoweza ni kujifunza.

Kwanza, kitufe cha katikati hakifungi kitu. Unaondoka mbele ya programu, lakini yenyewe inabaki nyuma, kama mtu aliyetoka sebuleni akakaa jikoni: bado anasikia.

Pili, wengi wetu hufungua orodha ya programu zilizotumika karibuni, kisha huzisukuma kwa kidole zitoke. Hapo unaondoa picha yake kwenye orodha. Kwa simu nyingi ujumbe utaendelea kuingia na kengele italia. Tena, kusukuma na kufungua upya kila saa hakuokoi betri, kwa sababu simu inatumia nguvu zaidi kuianzisha programu upya.

Tatu ndiyo njia ya kufunga kabisa kwenye simu za Android, ambazo wengi wetu tunazo. Bonyeza alama ya WhatsApp bila kuachia mpaka itokee orodha ndogo. Gusa herufi i iliyo ndani ya duara, au maneno ya maelezo ya programu. Utaona kitufe cha kuisimamisha kwa lazima. Kibonyeze, ukubali. Kama hukuona herufi hiyo, ingia Mipangilio, kisha Programu, uchague WhatsApp. Sasa imesimama mpaka wewe mwenyewe uifungue tena.

Jueni gharama yake. Ikiwa imesimama hivyo, ujumbe hauingii simuni wala simu za WhatsApp haziiti. Ujumbe unangoja kwa kampuni hadi siku 30. Kwa hiyo mjumbe wa usalama kazini asiifunge kisha akategemea kikundi kumpa habari za ajali. Apewe pia namba ya kupiga kwa simu ya kawaida, maana hiyo haizuiwi.

Nne, na hili ndilo lililotuumiza: kufunga kwenye simu hakufungi kwenye kompyuta. Kompyuta iliyounganishwa hupokea ujumbe hata simu ikiwa imezimwa. Fungua WhatsApp, gusa vitone 3 vya juu, chagua vifaa vilivyounganishwa. Simu moja yaweza kuunganishwa na vifaa hadi 4. Ukiona usichokitambua, kiguse na ukitoe mara moja. Na kompyuta ya mwajiri isiunganishwe hata kidogo.

Kuna pia suala la fedha. Sisi hapa Uganda tunakumbuka Julai 2018, tulipoanza kutozwa shilingi 200 kwa siku ili kutumia WhatsApp na mitandao mingine. Mwaka 2021 kodi hiyo iliondolewa, ikaja ya 12 kwa mia juu ya data. Kwa hiyo kila picha inayojipakua bila wewe kuomba inakula bando lililokwisha kutozwa kodi. Kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, zima kupakua picha na video kwa data ya simu. Na ukitaka programu itumie data pale tu unapoifungua, rudi kwenye ukurasa ule wa maelezo ya programu, ingia sehemu ya data, uzime data ya chinichini.

Mwisho, ficha maneno ya ujumbe yasionekane simu ikiwa imefungwa. Simu iliyoachwa mezani penye kantini husomwa na kila apitaye.

Tunawaomba makatibu wa matawi: katika mkutano ujao tengeni dakika 15. Kila mwenye simu aitoe mfukoni, atazame vifaa vilivyounganishwa. Anayejua amwelekeze jirani yake, na asiyejua asione haya kuuliza. Sisi wenyewe tuliuliza tukiwa tumechelewa, na ndugu zetu 3 ndio waliolipa.