Tegu wa Mbwa na Ngamia wa Garissa

Makala haya yanakusudia kufafanua maradhi yaletwayo na tegu mdogo wa mbwa, Echinococcus granulosus, hasa katika eneo la Kaskazini Mashariki mwa Kenya, yaani Garissa, Wajir na Mandera.

Tegu huyu aliyekomaa huishi katika utumbo wa mbwa, na urefu wake haupiti milimita saba. Mbwa mwenyewe huonekana mzima. Mayai ya tegu hutoka pamoja na kinyesi, yakaangukia malishoni na kando ya silanga. Ngamia, mbuzi, kondoo au ng'ombe ayamezapo, buu huanguliwa, hupenya utumbo na huchukuliwa na damu hadi kwenye ini au mapafu. Huko hufanya mfuko wa maji unaokua polepole kwa miaka. Mbwa alapo kiungo chenye mfuko huo, mzunguko huanza upya. Binadamu naye hupatwa kwa kumeza mayai hayohayo.

Nchini Kenya, maradhi haya yamejulikana zaidi Turkana, ambako katika miaka ya 1980 shirika la AMREF liliwapima watu vijijini kwa mashine za mawimbi ya sauti. Huko mbwa na watu huishi karibu sana. Garissa hali ni tofauti. Wakazi wengi ni Wasomali, Waislamu wa madhehebu ya Shafi. Kwao mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Desturi hii humtenga mtu na mbwa, na kwa hiyo humpunguzia hatari.

Je, yatosha? La hasha! Twahara ya mfugaji haimkingi ngamia wake. Mbwa asiye na mwenyewe huzurura machinjioni, na ini lenye mfuko likitupwa nje, yeye ndiye wa kwanza kulifikia. Baadaye kinyesi chake huchafua malisho, na hata maji ya kunywa.

Kinga, basi, ianzie machinjioni. Mkaguzi wa nyama akikikataa kiungo, kichomwe au kizikwe katika shimo refu lisilofukulika. Mbwa wanaofugwa wapewe dawa ya prazikwanteli. Mgonjwa naye asikate tamaa: wapo wanaotibiwa kwa albendazoli, na wengine kwa upasuaji. Ini lililotupwa leo ndilo ugonjwa wa kesho.