Ndege Isiyo na Rubani Yaona Nini Kutoka Angani?

Mwaka 2018 dawa zilivuka Ziwa Viktoria pasipo mtumbwi wala kivuko. Katika majaribio ya miezi 6, ndege ndogo isiyo na rubani, iliyoundwa na kampuni ya Wingcopter ya Ujerumani kwa ushirikiano na DHL na shirika la GIZ, ilipeleka dawa kutoka bara hadi kisiwa cha Ukerewe. Mwendo huo wa kilomita 60 ulichukua dakika 40 kwa wastani, ilhali kwa njia ya nchi kavu ni kilomita zipatazo 240 na safari ya saa 6. Ndege hiyo hupaa wima kama helikopta, kisha huinamisha panga zake na kuruka kwa mabawa. Mwezi Oktoba mwaka huohuo wataalamu kutoka nchi mbalimbali walikutana mjini Mwanza kuonyesha na kujadili vyombo vya namna hii, ambavyo kwa Kiswahili huitwa pia ndege nyuki, jina linaloafiki mvumo wao.

Mtu aliyesimama chini, hata hivyo, hawezi kujua kama nyuki anayepita juu yake amebeba dawa au kamera. Wasiwasi huo una msingi. Katika nyumba nyingi za mwambao wa ziwa, bafu na choo vimo uani, na mara nyingi havina paa. Ukuta wa ua ulijengwa kuzuia jicho la mpita njia. Hakuna fundi aliyefikiria jicho litokalo juu. Ni kweli kwamba Mwanza ni mji wa miamba, na aliyejenga juu mlimani amekuwa akiuona ua wa jirani yake wa chini miaka yote. Lakini jirani huyo anajulikana kwa jina, na akizidi kutazama ataulizwa. Tena alichokiona hakihifadhiki ila katika kumbukumbu yake.

Kamera ya angani huona kiasi gani? Jambo hili mwanafunzi wa sekondari aweza kulipima mwenyewe kwa hesabu ya pembetatu zinazofanana. Na ichukuliwe kamera ya aina inayotumika sana katika upimaji wa ardhi, ambayo bamba lake la kupokea mwanga lina upana wa milimita 13.2, na lenzi yake ina urefu wa fokasi wa milimita 8.8. Kugawanya 13.2 kwa 8.8 hutoa 1.5. Maana yake ni kwamba kamera ikielekezwa chini wima, upana wa eneo linaloingia katika picha ni mara moja na nusu ya kimo cha ndege. Ndege ikiwa mita 100 juu, picha hufunika mita 150 za ardhi. Picha hiyo imefanyizwa kwa nukta 5,472 kwa upana wake. Kwa hiyo kila nukta hubeba sentimita 2.7 hivi za ardhi.

Uso wa mtu mzima una upana wa sentimita 15 hivi, nao katika kimo hicho ungepata nukta tano au sita tu. Hakuna awezaye kumtambua mtu kwa nukta sita. Tena kamera itazamayo chini huona utosi, si uso. Ndege ikishuka hadi mita 10, kila nukta hubeba chini ya milimita 3, na kitu chenye upana huohuo hupata nukta zipatazo 55. Hapo mambo yamebadilika kabisa. Lenzi ya kuvuta mbali nayo huleta matokeo kama hayo bila ndege kushuka hata kidogo, na hilo ndilo linalofanya kimo peke yake kisiwe kinga.

Iko pia kamera ya joto, ambayo hupokea miali ya infraredi itokayo kwenye miili na mitambo. Wengi huiogopa wakidhani huona watu waliomo ndani ya nyumba. Haioni kupitia ukuta wala bati. Huona joto la uso wa ukuta na bati lenyewe. Ziwani usiku, ambako hakuna ukuta, ina uwezo mkubwa, kwani mtu au injini yenye moto hujitenga wazi na maji yaliyopoa.

Lakini kosa la wengi ni kudhani kwamba faragha hupotea pale tu uso unapotambulika. Kila picha ya ndege nyuki huweza kuandikwa saa ilipopigwa na mahali ilipopigwa, kwa kupima mawimbi ya redio kutoka kwenye setilaiti. Nukta chache zinazotoka katika nyumba fulani kila alfajiri na kurudi kila jioni hazihitaji uso. Mwenye nyumba anajulikana. Au uchukuliwe mfano wa wavuvi wa dagaa, wanaotoka na taa zao usiku usio na mbalamwezi. Picha za mtumbwi mmoja, zikikusanywa usiku baada ya usiku, zingeonyesha mahali mvuvi apatapo riziki yake, siri ambayo huenda hajamwambia hata shemeji yake. Picha hizohizo zingemsaidia mkaguzi kumkamata atumiaye nyavu haramu zenye macho madogo. Zikimfikia mfanyabiashara mshindani, zimekuwa kitu kingine.

Huko Zanzibar, kazi iliyoanza mwaka 2016 ilitumia ndege nyuki kutengeneza ramani za Unguja na Pemba, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kilishiriki. Ramani za namna hiyo zina faida isiyopingika kwa mipango ya miji, barabara na kinga ya mafuriko. Kwa upande wa Mwanza, ambako nyumba zimepandana milimani pasipo mpango, haja ya ramani kama hizo ni kubwa.

Tanzania ilitunga kanuni za ndege zisizo na rubani mwaka 2018, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na chombo hakiruhusiwi kurushwa pasipo kibali. Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 hulinda maisha binafsi ya mtu na maskani yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi lililotajwa na zisigeuzwe kwa matumizi mengine. Imeweka misamaha pia, kama vile kwa ajili ya usalama wa taifa na kuzuia uhalifu, na ni katika misamaha hiyo ambamo mabishano ya kweli yatazuka.

Mpimaji wa ramani hana haja ya misamaha hiyo. Kwa nukta za sentimita 2.7 paa, mtaro na njia ya miguu huonekana vizuri kabisa. Hakuna sehemu ya kazi yake inayomtaka ashuke hadi mita 10 juu ya bafu lisilo na paa. Kimo, lenzi na muda wa kuhifadhi picha huamuliwa kabla ndege haijapaa, nayo ni mambo ambayo serikali ya mtaa yaweza kuuliza siku mpimaji anapofika kujitambulisha.