Mota ya Pampu Imeungua Tena? Kabla Umlaumu Fundi, Pima Waya

Mitunguu bila maji, ndizi haziendi mahali. Hapo Imenti Kusini ukishuka kuelekea Tharaka jua ni noma, na mgomba unataka kunywa kila siku. So unachimba kisima, unashusha pampu na kuweka VFD hapo juu, ile boksi inaongeza na kupunguza mwendo wa mota.

Miezi kadhaa baadaye mota inaungua. Unatoa ganji ifungwe koili mpya, inaungua tena. Mara nyingi shida ni waya mrefu kati ya boksi na mota.

Iko hivi. VFD haitoi stima laini kama ya Kenya Power. Inaikatakata maelfu ya mara kwa sekunde. Kila pigo linakimbia kwa waya, likifika kwa mota linagonga na kurudi kama mwangwi kwa bonde. Zikipatana, volteji inaweza kuwa mara mbili. Kwa laini ya volti 415, ndani ya VFD kuna karibu volti 590 za DC. Mota inaweza kupigwa na karibu 1,200. Vanishi ya koili inatoboka pole pole, kisha kwisha.

Dawa ni riakta: koili tatu kwa chuma, moja kwa kila fezi. Inapunguza ukali wa hayo mapigo.

Unachagua aje?

Urefu: Pima waya wote mpaka kwa mota yenyewe, si mpaka mdomo wa kisima. Kitabu cha VFD ndicho kinaamua, lakini ukipita mita 30 anza kufikiria riakta. Ukipita 100, ulizia filta ya dV/dt. Mita 300 kwenda mbele, hapo ni filta ya sine.

Ampea: Soma kibao cha mota, usikadirie na horsepower. Mota ya kisimani hula ampea nyingi kushinda ya juu yenye nguvu sawa.

Asilimia: 3 inatosha wengi. 5 inatuliza zaidi, lakini inakula volteji kabla ifike kwa mota.

Kuifunga

Iweke karibu na VFD, upande wa U, V, W. Ukiifunga pale stima inaingilia, mota yako haijasaidika. Iachie hewa juu inapata moto, na uunge earth. Usiweke kapasita kati ya VFD na mota. Kasi ya kukata stima ishushe, kama kHz 2 hadi 4, bora riakta iwe inaikubali.

Ukizima, usiguse haraka. VFD hubaki na moto ndani. Ngoja dakika zilizoandikwa kwa boksi, mara nyingi 5 hadi 10, halafu upime. Kama ni sola, zima swichi ya DC kwanza, juu paneli hazilali jua likiwaka. Na hii kazi mpe fundi ako na leseni ya EPRA.

Riakta ni doo, tunajua. Lakini kuvuta mota kutoka kisimani, kuitengeneza na kuirudisha chini huku ndizi zinakauka? Piga hesabu mwenyewe.