Kijidudu cha Kipindupindu Hutambuaje Kuwa Kimeingia Mwilini?

Kijidudu cha kipindupindu kwa kawaida huishi majini, hasa pwani na kwenye midomo ya mito. Kikiingia tumboni mwa binadamu hugeuka adui. Je, kiumbe kisicho na macho wala ubongo hutambuaje kuwa kimefika mahali pa kushambulia?

Jibu mojawapo limo katika kitu kiitwacho RNA. Ili kukielewa, tufikirie ofisi na kiwanda. Amri za uhai zimeandikwa katika jeni, nazo hazitoki ofisini. RNA ni tarishi: huchukua nakala ya amri na kuipeleka kiwandani, ambako protini hutengenezwa. Lakini baadhi ya matarishi hawa hawabebi tu. Huamua pia amri isomwe lini.

Mwaka 2014 wanasayansi wa Marekani na Ujerumani walieleza habari za RNA inayobeba amri ya kutengeneza protini ya ToxT, ambayo huamsha jeni za sumu ya kipindupindu. Katika nyuzi 20 za joto, mwanzo wa RNA hiyo hujikunja kama barua iliyofungwa, na kiwanda hakiwezi kuisoma. Joto lifikapo nyuzi 37, yaani joto la mwili wetu, mkunjo hulegea, barua ikasomwa. RNA hiyo, basi, ni kipimajoto. Wataalamu walipoukaza mkunjo usilegee, vijidudu vilipungukiwa na uwezo wa kustawi matumboni mwa vitoto vya panya.

Sumu hiyo huufanya utumbo umwage maji na chumvi kwa wingi, hata mgonjwa asiyetibiwa aweza kufa katika saa chache. Wakazi wa Dar es Salaam waliouona mlipuko wa mwaka 2015 hawahitaji kuambiwa zaidi.

Basi tusidanganywe na maji maangavu ndani ya mtungi. Kijidudu kilichomo humo kinangoja joto la tumbo tu. Tukiwahi kabla hakijamezwa: tuchemshe maji ya kunywa, tutumie vyoo, tunawe mikono kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kumlisha mtoto. Na mwenye kuharisha aanze mara moja kunywa maji yenye dawa ya chumvi na sukari ya pakiti, huku akipelekwa zahanati bila kukawia.